Mwaka Niliopiga Chapa Maneno ya Mbunge wa Bondeni

Siku yangu ya kwanza katika Bunge la Sweden, jijini Stockholm, nilifika mapema mno, nikasimama darajani huku upepo wa majini ukinipenya mpaka kwenye mifupa. Jengo lile limekaa juu ya kisiwa katikati ya jiji, na Bunge lilikuwa limerudi humo si muda mrefu, baada ya matengenezo makubwa. Ilikuwa vuli, katikati ya miaka ya themanini. Mimi ni mtoto wa Nachingwea. Nilikuja Sweden kusomea ukatibu mahsusi, nikaongeza muda, nikaolewa, nikaachika, nikabaki na binti mmoja na uraia. Kabla ya Bunge nilikuwa nimepiga chapa ripoti za madaktari kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiswidi cha maradhi nilikijua kuliko cha salamu.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Chumba cha Wapiga Chapa, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliniita jina langu kana kwamba tumekua nyumba moja.

"Somoe, hapa hakuna bwana wala bibi," alisema. "Waziri tunamwita jina lake, Spika tunamwita jina lake, na mfagizi vilevile."

"Hata waziri?"

"Waziri hasa. Yeye ndiye anayehitaji kukumbushwa."

Niliitika, lakini ulimi ulikataa. Kwetu mtu mzima haitwi jina kavu ila na anayetafuta ugomvi. Mpaka nastaafu nilikuwa nawaita wabunge "Mheshimiwa" kimoyomoyo, hata wale ambao heshima yenyewe ilikuwa imewapita mbali.

Ninyi mnaokuja leo mnakuta mashine zinafanya kila kitu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yote yaliyosemwa ukumbini. Sauti za wabunge zilinaswa kwenye kanda. Kanda zililetwa chumbani kwetu, kila mmoja akapewa kipande chake. Ulivaa hedifoni, mguu ukaweka kwenye pedali iliyo chini ya meza: ukikanyaga kanda inakwenda, ukiachia inasimama, ukigusa pembeni inarudi nyuma. Mikono inapiga taipureta, mguu unaongoza, masikio yanafanya kazi ya macho. Jioni ukivua hedifoni, masikio yanavuma kama umetoka kisimani. Rasimu ikikamilika ilikwenda kwa mhariri, kisha kwa mbunge mwenyewe, ambaye aliruhusiwa kunyoosha sentensi zake lakini si kubadili alichosema. Baada ya hapo ilikuwa imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wenzangu waligombea kanda za viongozi wa vyama, kwa kuwa zilisikika redioni na wao wakajiona wamo. Mimi mgeni nilipewa mabaki. Ndivyo nilivyompata Arvid.

Arvid alikuwa mbunge wa chama kilichotawala, kutoka bonde moja huko kaskazini, mbali kiasi kwamba wenzake wa kusini walisema "kule juu" kama wanaotaja paa la nyumba. Alikuwa ameanza maisha akikata magogo msituni, akawa fundi wa reli, kisha akaingia siasa za wilaya. Alikaa kwenye benchi la mkoa wake, kwani wabunge wa Sweden hawakai kwa vyama. Wanakaa kwa mikoa, mpinzani na mtawala bega kwa bega. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. Wapiga chapa wenzangu walimkimbia kwa sababu ya lafudhi na kwa sababu, walisema, ana wimbo mmoja tu.

Wimbo wenyewe ulikuwa reli. Kulikuwa na njia ndogo ya treni iliyopanda bondeni kwake, na serikali, serikali ya chama chake mwenyewe, ilitaka kuifunga kwa kuwa hailipi. Mwaka ule wa Bunge, tangu vuli mpaka mwanzo wa kiangazi, Arvid hakusimama ukumbini kwa jambo lolote lingine.

Mara ya kwanza kumsikia alikuwa anauliza swali dogo kuhusu ratiba ya majira ya baridi. Waziri alijibu kwamba basi litatosha. Arvid akasema: "Ndugu Spika, kwetu theluji hufunga barabara kabla waziri hajamaliza kikombe cha kahawa. Treni haijui theluji. Inaipigia chafya na kupita." Nilicheka peke yangu, hedifoni masikioni, mpaka Mkuu wa Chumba akaniinulia nyusi.

Nitawaambia kwa nini nilimshika moyoni. Nikiwa shule ya msingi, Nachingwea ilikuwa na reli iliyoshuka hadi Mtwara. Iliwekwa kwa ajili ya karanga, karanga zikashindikana, na siku moja wakaja watu wakaing'oa. Niliwaona wakibeba vyuma. Baba yangu alikuwa na kibanda cha chai stesheni. Alikaa mlangoni na birika lake, wateja wakapungua, mwishowe akabaki na nzi. Hakuna mtu aliyesimama popote kuitetea, au kama alisimama sisi hatukumsikia. Sasa huku ugenini, nikiwa mama mtu mzima, namsikia mzee wa Kizungu akiyasema kwa sauti yote ambayo baba alitamani kuyasema. Mtanisamehe kama nilimsikiliza kwa masikio ya mtoto.

Majira ya baridi alileta hoja binafsi, njia iachwe, ipunguziwe safari kama ni lazima lakini isifungwe. Ndani ya hoja hiyo ndipo alipomtaja mama wa kituo cha mwisho. Kituo chenyewe hakikuwa na mtu. Palikuwa na kibao cha duara juu ya mlingoti, na msafiri alikigeuza mwenyewe ili dereva aone asimame. Mama huyu, alisema Arvid, figo zake zimechoka, anakwenda mjini kusafishwa damu kila wiki, na kila mara anageuza kibao kwa mkono wake. "Siku atakapokigeuza na treni isije," alisema, "nani kati yenu atakwenda kumweleza?"

Hoja ilipelekwa Kamati ya Uchukuzi. Kamati, kwa wasiojua, ni jiko la Bunge. Ukumbini wanapakua tu. Kilichopikwa kule kilirudi na pendekezo kwamba hoja ikataliwe.

Arvid hakuchoka. Alimwandikia waziri swali la aina ile ambayo waziri analazimika kuja mwenyewe kulijibu kwa mdomo, na yakafuata majibizano. Mnadhani ukumbi ulijaa? Yalipangwa siku ambayo wabunge walikuwa wamekwenda majimboni. Walikuwepo Spika, waziri, Arvid, na kundi la watoto wa shule kwenye ghorofa ya wageni. Waziri alisema serikali inalifuatilia suala hili kwa makini. Sentensi hiyo niliipiga chapa mara nyingi katika maisha yangu, vidole viliijua bila kichwa. Arvid akajibu, na jibu lake naweza kulisema hata leo: "Tangu vuli unafuatilia kwa makini. Mimi nakuomba ulitangulie. Na nasema hapa, ili iandikwe: chama kinaweza kuniomba mengi, lakini mkono wangu hautabonyeza kitufe cha kufunga njia ile."

Iliandikwa. Niliiandika mimi.

Kesho yake alikuja mwenyewe kuisoma rasimu. Wabunge wengi walituma wasaidizi. Yeye alishuka ngazi, akabisha hodi, akaweka mezani mkate mwembamba wa kwao uliofungwa kwa kitambaa. Alikuwa na mikono mikubwa isiyojua pa kukaa.

"Wewe ndiye unayeniandika?" aliuliza.

"Ndiyo, mimi."

"Wanasema huku chini hawanielewi."

"Mimi nakuelewa. Kwetu pia waling'oa reli."

Akavuta kiti. Akauliza reli gani, ya wapi, watu walifanyaje baadaye. Nilimweleza habari za baba na birika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia saa. Kisha akaisoma rasimu, kidole chini ya kila mstari, akafika kwenye ile ahadi. Nikamuuliza kama angependa kulainisha chochote, maana ndilo swali tulilotakiwa kuuliza.

"Hapana," alisema. "Acha ikae hivyo hivyo."

Tangu hapo alishuka kila alipozungumza. Sikuwa mjinga, nilijua chama ni chama. Lakini jirani yangu wa Akalla, kitongoji nilichoishi, alichoka kunisikia nikimsifu Arvid. Huyu tulimwita Nalongo, kwa kuwa alizaa mapacha, kama ilivyo desturi kwao Uganda. Alikimbia vita, akapata kazi katika nyumba ya wazee kule Spånga, na tulipanda treni moja asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na ulimi wake mkali.

"Wewe Somoe, unasema huyo mutu wako kila siku," aliniambia. "Kwetu wabunge pia walikuwa wanaongea muzuri. Askari walikuja, wote wakanyamaza."

"Hapa hakuna askari."

"Ndiyo. Basi nataka kuona vile mutu anakataa kama hakuna askari."

Nilimwambia atamwona. Kura ya kufunga njia ile ilipopangwa, Nalongo aliomba zamu yake ibadilishwe, akavaa gauni lake la kanisani na kuja kukaa ghorofa ya wageni. Nilimwonyesha kabla benchi la kaskazini lilipo na jinsi ubao mkubwa unavyowaka taa, moja kwa kila mbunge, hata mgeni akaona nani amebonyeza nini. Sitaficha, nilikuwa na furaha ya kijinga siku ile. Nilijisikia kama nimemwalika harusini.

Mimi nilirudi chini chumbani kwetu, nikaufuata mjadala kwenye kipaza sauti. Ulikwisha, Arvid hakuzungumza. Nikadhani anatunza nguvu. Kisha kengele za kura zikaanza kulia jengo zima: korido, mkahawani, vyooni, na kwetu pia chini, ili mbunge popote alipo akimbie ukumbini. Wakati huohuo mlango wa chumba chetu ukafunguka, akaingia Arvid. Koti lake la baridi lilikuwa mwilini. Alikaa kwenye kile kiti chake, akachukua karatasi ya kwanza aliyoiona mezani kwangu, akaanza kuisoma. Haikuwa yake. Ilikuwa hotuba ya mtu mwingine kuhusu uvuvi.

Nikangoja. Kengele zinalia.

"Arvid," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza jina lake kunitoka bila kujikwaa, "kura."

"Nimefutwa," akasema.

Hapa nieleze tena, maana hii ni desturi ambayo nje ya jengo lile watu hawaijui. Mbunge wa upande mmoja akiwa mgonjwa au safarini, upande wa pili hukubali kumweka mtu wake mmoja nje, ili uwiano usiharibike. Mimi niliiita kufutana. Hupanga wanadhimu, wale wanaohesabu kura za chama na kuwakumbusha wabunge utii. Ni desturi ya kiungwana. Imesaidia wengi kwenda kuzika wazazi wao. Siku ile mbunge mmoja wa upinzani alikuwa kitandani hospitali. Mnadhimu wa chama cha Arvid alihitaji mtu wa kubaki nje, na akamfuata yeye. Hakumtisha. Hakumwahidi cheo. Alimwambia tu, kama Arvid alivyonieleza pale huku akikunjakunja habari za uvuvi: "Hivi hutakipinga chama, wala hutavunja neno lako. Mkono wako hautabonyeza."

"Na ni kweli," Arvid alisema. "Haujabonyeza."

Nilimtazama. Kama angesema amepigwa ngumi ningemhurumia. Lakini alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba ni sawa.

"Ungekuwemo, njia ingepona?" nikamuuliza.

"Hapana. Tungeshindwa tu. Nimehesabu. Kura yangu isingebadili kitu."

"Lakini ingeonekana. Taa yako ingewaka."

"Kwa faida ya nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba juu ghorofani yuko mwanamke wa Kiganda aliyekuja na gauni la kanisani kuiona taa hiyo. Nilitaka kumtaja baba. Badala yake nikauliza, "Na yule mama wa kibao?"

"Atapewa teksi," akasema. "Wameahidi teksi."

Kengele zikanyamaza. Yeye alikuwa bado na koti lake, mimi na hedifoni shingoni. Wenzangu walijifanya wanapiga chapa. Baada ya muda akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akasema asante kwa Kiswidi, neno lilelile walilonalo la kushukuru kwa chakula na kwa huduma zote, akatoka. Nilimchukia wakati ule. Nasema wazi, na sijaona sababu ya kulipunguza makali neno hilo.

Nalongo nilimkuta nje darajani.

"Nimetafuta mutu wako kwa macho mpaka macho yameuma," alisema. "Taa yake ilikuwa giza. Amekufa?"

"Yuko hai. Alikuwa chini, chumbani kwangu."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Tulitembea mpaka stesheni, na treni ilipoingia ndipo akasema, "Kwetu walifunga midomo na bunduki. Hapa, mutu anakunja domo yake mwenyewe kama shati."

Kesho yake nilifanya jambo ambalo mpiga chapa hafanyi. Nilipanda kwa Mhariri Mkuu, mzee mkimya aliyekuwa juu ya chumba chetu na vyumba vingine vyote vya kumbukumbu. Nilimuuliza kama hansadi inaweza kuonyesha mbunge alikuwa wapi wakati wa kura.

"Orodha inasema hayupo," alijibu.

"Alikuwepo. Alikuwa ndani ya jengo."

"Somoe, hansadi ina masikio. Haina macho."

"Basi atakayesoma baadaye atadhani alikuwa mgonjwa."

Alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Atakayesoma baadaye," alisema, "atasoma hotuba. Orodha za kura hazisomwi na mtu." Kisha akanirudisha kazini.

Aliona mbali. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na Arvid hakugombea tena. Siku ya mwisho ya kikao Spika aliwaaga wanaoondoka, mmoja mmoja, kwa maneno machache ya heshima. Kanda ile nilipewa mimi. Mkuu wa Chumba alidhani ananitendea hisani. Spika alisema Bunge linapoteza sauti ya bonde, mtu aliyeitetea reli yake mwaka mzima kwa ujasiri usioyumba. Makofi. Wabunge walewale walioifunga wakampigia makofi, na niliyaandika kwenye mabano kama kanuni inavyotaka. Kisha Arvid akajibu. Alisema, "Nilifanya," halafu kanda ikaendelea kuzunguka bila sauti. Nilidhani imekatika. Nikairudisha, nikaisikiliza tena: pumzi yake, kiti kikilia mahali fulani, mtu mbali akikohoa. Kimya kirefu, cha mtu anayetafuta neno la kweli na kila analolishika linamteleza. Mwishowe akasema, "nilichoweza."

Kanuni yetu ilikuwa kimya hakiandikwi. Nikapiga chapa: Nilifanya nilichoweza. Kwenye karatasi inasomeka vizuri sana, kama maneno ya mtu mwenye dhamiri iliyotulia.

Nilibaki kazini miaka mingi baada ya hapo. Nilipandishwa, nikawa Mkuu wa Chumba mwenyewe, taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja. Nilipiga chapa maneno ya watu wabaya zaidi yake, waliouza mengi kwa bei ndogo, na majina yao siyakumbuki. Wakati mwingine mbunge kijana alishuka na biskuti na tabasamu kuuliza rasimu yake. Nilimpa rasimu, biskuti nikawaachia wengine.

Sasa nimestaafu. Jumamosi Watanzania wa huku tunakutana Vällingby, na vijana wetu waliozaliwa hapa huja pia, wakichanganya lugha zao. Wapo wanaotaka kuingia siasa, na wanajua nilikofanya kazi. Binti mmoja hodari, anayegombea udiwani, alikisikiliza kisa hiki chote, akanijibu nusu Kiswahili nusu Kiswidi kama anavyozungumza na mama yake.

"Lakini bibi, huyo alikuwa mwongo tu. Waongo wamejaa."

Nilimwambia hapana, mjukuu wangu. Mwaka mzima nilimsikiliza, nikimrudisha nyuma na kumsikiliza tena, na sikusikia uongo hata mmoja. Aliipenda njia ile. Alimjali yule mama. Alisema kweli tupu mpaka kengele ilipolia. Mwongo ningekuwa nimeshamsahau.